Bawa la Pili la Kipepeo: Risala ya Wanawake Wadarizi wa Banliao

Mgeni Rasmi, Mheshimiwa Mama Shi Lanzhi, Naibu Mkuu wa Wilaya yetu;
Ndugu Katibu wa Kijiji;
Wazee wetu, wenye farasi, wakwe na mashemeji mliokuja kwa Duan, sikukuu yetu ya mavuno;
Watoto mliokaa mbele, ambao sasa mmeombwa mara mbili msifunue vyungu vya samaki;
Mabibi na mabwana.

MAKARIBISHO

Sisi wanawake arobaini na mmoja wa Kikundi cha Singa Nyeupe tunakukaribisha Banliao kwa mikono miwili na kwa moyo uliotulia. Tumeona kwamba umepanda ngazi mia nne za mawe kwa miguu yako mwenyewe, ingawa pikipiki ilikuwa inakungoja chini na dereva wake alikwisha kuvaa shati jipya. Hujafika nusu ya njia, wazee walikuwa wameketi ukutani wakisema, "Huyu bado ni mtoto wa milimani." Pokea maneno hayo kama yalivyosemwa. Wazee hao si wepesi wa kusifu, na mmoja wao hajamsifu mtu tangu mavuno ya mwaka juzi.

Leo ni mkesha wa Duan, na kama ilivyo desturi yetu, nyama haiingii jikoni. Samaki waliojazwa majani ya vitunguu wako mvukeni tangu alfajiri. Tumekubaliana kwamba risala hii imalizike kabla hawajapoa, na kwamba lolote litakalosemwa humu liwe la kweli.

Anayesoma ni Katibu wa kikundi, Lu Changmei. Mwenyekiti wetu, Pan Liuyue, aliomba asisome yeye, kwa kuwa anatajwa humu mara nyingi. Jana alipoonyeshwa risala alitaka kurasa mbili zifutwe. Hazikufutwa.

TULIKOTOKA

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wewe ni wa kabila la Wasui kama sisi, na hili unalijua. Tunalisema kwa ajili ya wageni uliofuatana nao. Katika vijiji vyetu, mtoto wa kwanza wa binti hubebwa kwa mbeleko iliyodariziwa na bibi mzaa mama. Haiwi ya kununua, wala mama wa mtoto haishoni mwenyewe. Kazi yake huchukua karibu mwaka mzima. Singa tatu au nne za mkia wa farasi huviringishwa uzi mweupe wa hariri mpaka ziwe kamba nyembamba iliyo ngumu kidogo, na kamba hiyo ndiyo inayochora kipepeo juu ya kitambaa. Kipepeo huyo humkinga mtoto na jua, naye hukaa mgongoni pa mama mpaka mtoto ajue kukimbia. Singa hutoka kwa farasi dume mweupe. Farasi jike hafai, kwa kuwa hukojolea mkia wake, na kila aliyewahi kusimama nyuma yake anaelewa.

Mwalimu wetu sote katika kazi hii ni Bibi Meng Fengxian, mwenye miaka themanini na miwili, aliyekaa pale kwenye kiti chenye mto. Alikuja Banliao akiwa bibi harusi wa miaka kumi na minane, na tangu hapo amedarizi mbeleko hamsini na tatu. Kila kipepeo wake ana pembe moja iliyopinda kushoto. Alipoulizwa kwa nini, alijibu kwamba vipepeo aliowaona yeye walikuwa wametoka kwenye upepo.

Ikafika miaka ambayo wasichana wetu walishuka zile ngazi mia nne na kwenda viwandani Guangdong. Mjukuu wake Liuyue alikwenda akiwa na miaka kumi na sita. Kwa miaka tisa alibandika soli za viatu, vidole vikinuka gundi hata siku ya mapumziko. Alituma fedha nyumbani kila mwezi bila kukosa, na hakuna siku aliyolalamika kwa barua wala kwa simu. Bibi Meng alibaki akidarizi peke yake. Waliomtazama walidhani anapitisha muda.

Jumapili moja Liuyue alikuwa akitembea katika mtaa wa maduka ya kifahari mjini Guangzhou, akingojea basi. Dirishani mwa duka moja akaona mbeleko imetundikwa ndani ya kioo kama picha. Alisogea mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo. Pembe ya kipepeo ilikuwa imepinda kushoto. Ilikuwa mbeleko ambayo familia moja ya hapa, tusiyoitaja kwa kuwa ipo hapa, ilimpa mchuuzi miaka ile kwa chupa moja ya chai. Chini yake palikuwa na kadi: "Mbeleko ya kale. Fundi hajulikani." Liuyue alipiga simu nyumbani palepale, magari yakipita.

"Bibi, nimeiona mbeleko yako huku mjini. Imo ndani ya kioo."

"Imechanika?"

"Haijachanika. Lakini wameandika fundi hajulikani."

Bibi Meng akauliza, "Hajulikani na nani?"

Basi lilikuja likaondoka bila yeye. Mwaka mpya ulipofika alirudi Banliao na begi moja, na hakushuka tena kwenda kiwandani.

Hatutaficha kwamba alichekwa. Ndugu Wei Dashan, mwenye farasi, alimkuta asubuhi moja amesimama kwenye uzio na kitana mkononi.

"Wewe Liuyue, umeacha mshahara wa kiwandani ukaja kuchana mikia?"

"Ndiyo, Baba Mdogo."

"Na huyu farasi akishindwa mbio za Duan kwa sababu umemnyofoa?"

"Tutasema mpanda farasi alikuwa mzito."

Mpanda farasi alikuwa Ndugu Wei mwenyewe. Alikasirika kwa siku mbili, na siku ya tatu alikuja na sharti: hakuna singa itakayochukuliwa kabla ya mbio. Asubuhi inayofuata, farasi atachanwa mkia kwa upole, na zitakazotoka kwenye kitana ziwe zetu. Nao wanawake wangelipa kwa kudarizi kitambaa cha tandiko cha kila farasi wa kijiji. Mapatano hayo yalifanywa juu ya bakuli la pombe ya mchele, hayakuandikwa popote, na kwa miaka saba hayajavunjwa na upande wowote.

TULIPOFIKA

Tulianza wanne; leo tuko arobaini na mmoja. Ishirini na saba kati yetu tulirudi kutoka viwandani. Watoto waliokuwa wakituita "mama" kwenye simu tu, sasa wanatuita tukiwa chumba cha pili, na mara nyingine tungependa wapunguze kutuita.

Kila kazi inayotoka hapa ina jina la aliyeidarizi, limeshonwa pembeni kwa uzi wa buluu. Ndiyo sheria aliyoanza nayo Liuyue. Kwa ajili ya sheria hiyo, Bibi Meng alijifunza kuandika jina lake akiwa na miaka sabini na sita. Alifundishwa mezani kwake na mumewe, Mwalimu Pan Shaowen. Mwalimu huyo alifundisha watoto wa kijiji hiki kwa miaka thelathini na minne, na anashuhudia kwamba hakuwahi kupata mwanafunzi mbishi kama huyo. Alibishana juu ya kila mstari. Alisema herufi ya kwanza imekaa vibaya na ingefaa ipunguzwe kiuno. Baada ya siku arobaini aliandika jina lake kwa mkono uliotulia kuliko wa mwalimu, na mwalimu alikiri hivyo mbele ya mashahidi.

Wanawake watatu wamo katika baraza la kijiji. Zamani tulipeleka chai kwenye mikutano hiyo. Siku hizi chai inaletwa na Ndugu Wei Dashan, kwa kuwa mkewe ndiye mweka kumbukumbu. Ndugu Wei pia hutupikia wali wa kunata kila siku ya kazi za pamoja. Wali wake si mbaya. Tunalisema hadharani ili asiache.

KOSA LETU

Wapo waliotushauri tuiruke sehemu hii. Lakini mtu akimwonyesha mgeni ukumbi na kumficha jiko, bado hajamkaribisha.

Miaka mitatu iliyopita tulipata agizo la mikoba sitini kutoka duka moja la Chengdu. Halikuwahi kuja agizo kubwa kama lile. Mwaka huo farasi wawili walikuwa wameuzwa na singa zilikuwa chache. Liuyue alizihesabu, akahesabu mikoba. Kisha alishuka mjini akarudi na mabunda ya uzi wa plastiki wa kuvulia samaki. Uliviringishika vizuri na hariri. Ulikuwa sawasawa kuliko singa, na uling'aa. Mikoba sitini ikaisha kabla ya siku yake, ikatumwa, na mwenye duka akapiga simu kutusifu. Tulifurahi. Hakuna aliyemwambia Bibi Meng, ambaye macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu.

Majira hayo Liuyue alijifungua binti, Nian. Mama yake mzazi alifariki Liuyue akiwa mdogo, kwa hiyo mbeleko ilikuwa ya Bibi Meng kuidarizi. Macho hayakumruhusu. Sisi wanakikundi tuliidarizi kwa zamu kwa niaba yake, kwa kamba zilizobaki kutoka kwenye mikoba.

Mtoto alilia kila alipobebwa. Akishushwa hunyamaza, akirudishwa mgongoni hulia mpaka anakwama pumzi. Siku tatu mfululizo ilikuwa hivyo, na ushauri haukukosekana.

"Ana gesi, huyo. Msugueni tumbo."

"Gesi wapi! Amerithi sauti ya baba yake. Hamkumbuki alivyolia siku ya harusi?"

"Alilia kwa furaha, Shangazi."

"Mimi nilikuwa karibu. Haikuwa furaha."

Bibi Meng alikuwa jikoni akisikiliza. Akasema, "Nyamazeni. Nileteeni hiyo mbeleko."

Aliilaza mapajani, akafumba macho ambayo hayakuwa yakimsaidia sana hata hivyo, akapitisha kidole gumba juu ya bawa la kipepeo, taratibu, kuanzia kwenye mwili hadi ncha. Akarudia. Kisha akainua ukingo wa kitambaa mpaka mdomoni, akaing'ata kamba kwa jino lake la pembeni. Tulikuwa tumesimama mlangoni. Liuyue alikuwa amesimama nyuma yetu sote.

"Hiki," alisema Bibi Meng, "hakijawahi kula majani."

Kidole chake kikaendelea mpaka ukingoni, pale shavu la mtoto linapolala, kikasimama. Ncha ya uzi wa plastiki ilikuwa imejipenyeza nje ya hariri, ngumu kama mwiba wa samaki.

"Liuyue. Umeweka nini humu?"

"Uzi wa kuvulia, Bibi."

"Ulitaka kumnasa nani? Samaki, au kitukuu changu?"

Liuyue alikaa sakafuni miguuni pa bibi yake, akachukua mkasi, akafumua mbeleko yote mwenyewe, mshono kwa mshono, mpaka kitambaa kikabaki na matundu tu. Kisha alipiga simu Chengdu. Sisi tulimsikia kutoka uani.

"Mama, tumekukosea. Ile mikoba sitini si ya singa. Tafadhali irudishe."

Mwenye duka alicheka kwa sauti iliyosikika mpaka nje. "Dada, mikoba arobaini nimeshaiuza. Wateja wameipenda. Nani atatambua?"

"Bibi yangu ametambua."

Wakati ule Katibu wetu, ambaye ndiye anayesoma maneno haya na ambaye ameahidi kuyasoma yote, alisimama uani akasema, "Huyu Mwenyekiti ametuua! Kwa nini asimwambie Bibi pole, tukaendelea na maisha?" Wengi tuliunga mkono. Tulikasirika kwa haki na bila haki. Lakini Liuyue aliandika barua kwa kila mteja ambaye duka lilimpata, na mikoba hamsini na mmoja ikarudi. Tuliifumua majira yote ya baridi, miguu ikiwa karibu na makaa, tukaidarizi upya kadiri singa zilivyopatikana. Ilituchukua mwaka na miezi miwili. Mwenye duka alingoja. Tangu wakati huo haagizi kwa mtu mwingine.

Nian ana miaka mitatu sasa. Ndiye yule anayefunua chungu.

Tukatunga sheria ya pili ya kikundi, na imeandikwa ukutani: singa zitoke kwa farasi tunayemjua jina.

LINALOTUSUMBUA

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tuna tatizo moja tu. Mengine tunayaweza.

Bibi Meng alipoolewa, Banliao ilikuwa na farasi zaidi ya sitini. Leo wako watano, na dume mweupe ni mmoja. Jina lake ni Chumvi. Ana miaka kumi na minne na hasira za mzee aliyekosa usingizi. Wote watano huishi kwenye Mteremko wa Farasi, juu ya kijiji, mahali penye majani na pa kukimbilia mbio za Duan. Pande nyingine zote ni matuta ya mpunga, na farasi akiingia kwenye mpunga hatuna wa kumlaumu ila sisi.

Mwezi wa nne tuliambiwa kwamba Wilaya imeamua kutuheshimu kwa Jumba la Urithi wa Darizi ya Singa: ghorofa mbili, makabati ya vioo, taa, na uwanja wa kuegesha mabasi. Tuliitwa mkutanoni na tukapiga makofi. Tunakiri kwamba tulipiga makofi kwa nguvu. Tulishangilia tulipolisikia neno "jumba," na kelele zetu wenyewe zikatuzuia kusikia litajengwa wapi. Tuliporudi nyumbani tukamsomea Bibi Meng karatasi ya ramani: Jumba hapa, mabasi hapa, vyoo hapa, bustani hapa. Ulikuwa Mteremko wote, kutoka kwenye jiwe la kuanzia mbio hadi kwenye mti wa kumalizia.

Bibi Meng alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Na farasi watakaa ghorofa ya ngapi?"

Jiwe la msingi, ambalo umekuja kuliweka leo mchana, lilifika Jumanne kwa lori, limefunikwa kitambaa chekundu. Chumvi amelipokea kwa heshima. Tangu Jumanne hajikuni shingo mahali pengine popote, na kitambaa kile tumekibadilisha mara mbili.

Ndugu Wei Dashan amekwisha kuongea na mnunuzi wa mjini. Mnunuzi atakuja kesho, mara tu baada ya mbio. Tusimwonee Ndugu Wei. Farasi hafugwi ukumbini, naye hana malisho mengine. Tulipomwendea juzi, Liuyue alimwambia, "Baba Mdogo, umpe Chumvi siku chache." Akajibu, akitazama pembeni, "Mwanangu, siku ninazo. Ninachokosa ni majani." Kisha alikwenda kumchana Chumvi mkia, siku ambayo si ya kuchana, akatuletea singa zilizotoka. Zilikuwa tisa. Alitukabidhi kwa mikono miwili, kama mtu anayekabidhi vitu vya msiba.

Hatukuandika haya kulaumu ofisi yako. Wanaochora ramani walitaka kazi yetu ionekane vizuri, na walichagua mahali pazuri kuliko pote tulipo napo. Kupapenda, tunapapenda sote. Lakini Jumba likijengwa hapo, litajaa kazi za zamani, zenye kadi, taa na walinzi, na sisi tutasimama mlangoni tukiwaeleza wageni jinsi mabibi zetu walivyokuwa wakidarizi. Liuyue aliwahi kusimama mbele ya kioo cha namna hiyo. Basi lake likampita.

OMBI LETU

Tunaomba jiwe lihamishwe.

Chini ya ngazi mia nne, kando ya barabara, ipo shule ya zamani ya kijiji. Ilifungwa miaka minane iliyopita watoto walipohamishiwa mjini. Ina vyumba kumi na vinne, kuta nene, na uwanja ambao mabasi yatageuka bila kumgusa mtu. Paa linahitaji vigae. Ukuta hauhitaji kitu. Mwalimu Pan Shaowen, aliyefundisha humo, amekuwa akitia mafuta kufuli la lango kila mwezi tangu siku lilipofungwa, bila kuombwa na mtu na bila kumweleza mtu sababu. Ufunguo ameuleta. Uko mezani mbele yako, chini ya leso.

Jumba likikaa pale, wageni wataona kazi za kale ndani ya vyumba, kisha watapanda ngazi, kama ulivyopanda wewe, wawakute walio hai wakidarizi uani, na juu zaidi wawakute farasi. Watafika wamechoka, na watanunua kwa heshima.

Hatuombi gari la kubeba jiwe. Tumekwisha kulipima. Wanawake wanane na miti minne ya kubebea wanatosha, na kamba tumezifunga tangu asubuhi. Kauli yako ikitoka kabla ya chakula, litakuwa limefika chini kabla ya chai. Kama kauli yako itakuwa nyingine, tutakushuhudia ukiliweka jiwe hilohilo mahali lilipo, tutapiga makofi, na tutakula samaki pamoja nawe kwa upendo uleule. Wewe ni mtoto wetu kabla ya kuwa kiongozi wetu.

HITIMISHO

Limebaki jambo moja, nalo ni la kazini.

Mwezi wa tatu ulikuja hapa bila msafara, ukavua viatu mlangoni kwa Bibi Meng, ukasema binti yako aliye Guiyang ni mjamzito wa mtoto wa kwanza, na kwamba hukufundishwa kudarizi kwa sababu ulipelekwa shule. Uliomba tukushonee sehemu zile ambazo mikono yako haiziwezi, na zile nyepesi uzishone mwenyewe. Jina lako liliandikwa kwenye orodha likawa la kumi na saba. Liuyue alipotaka kulipandisha, ulimkataza, ukasema, "Kumi na saba ni kumi na saba." Siku hiyo Bibi Meng alituambia, "Huyu alilelewa."

Mbeleko yako hii hapa. Wanakikundi wanaifunua sasa, uione. Ukingo wa chini ni ule ulioushona wewe kwa Jumapili tisa. Bibi Meng ameugusa kwa kidole chake, akasema mshono wa nne umelegea na mingine yote itadumu. Katikati ni kipepeo. Pembe yake imepinda kushoto, kwa sababu Bibi Meng aliidarizi mwenyewe, kwa kugusa, bila kuona.

Utaona pia kwamba kipepeo ana bawa moja.

Mtoto anatarajiwa mwezi wa kumi na mbili, na bawa huchukua siku kumi na tano, kwa hiyo muda upo. Hariri tunayo, na kitambaa kiko tayari. Zile singa tisa hazitoshi hata ukingo wa bawa, na uzi mwingine hatutautia, hata kama ni kwa ajili ya kiongozi, na hasa kwa ajili ya mtoto. Hatukuliacha bawa ili kukushurutisha. Uliagiza kazi kwa haki yako, nasi tuna wajibu wa kukueleza kwa nini imechelewa na imefikia wapi. Mbio ni kesho. Keshokutwa asubuhi ni siku ya kitana. Bawa la pili la kipepeo wa mjukuu wako liko juu hapo, mkiani mwa Chumvi, karibu na jiwe lako, na kwa saa hii linakula majani.

Tunamwombea binti yako ajifungue salama, na mtoto awe na sauti kubwa na sababu chache za kuitumia. Mvua ije Banliao kwa wakati wake na isipitilize. Kila uendako, usikose mlango wa kuvulia viatu. Barabara ikurudishe kwetu, iwe kwa kazi au bila kazi.

Karibu mezani. Samaki bado wa moto.

Ni sisi,
Kikundi cha Wanawake Wadarizi cha Singa Nyeupe, Banliao

Pan Liuyue, Mwenyekiti
Lu Changmei, Katibu na msomaji
Meng Fengxian, fundi, ambaye ameandika jina lake hapa kwa mkono wake mwenyewe